Mtumiaji wa Kawaida

Kwa miaka tisa kompyuta yetu iliitwa GUNDARS-PC.
Nililijua jina hilo kama mtu ajuavyo jina la mtaa wake:
halimhusu, ila ndipo anapokaa.

Gundars alihamia Riga mwezi wa tatu.
Akachukua kochi, baiskeli, mashine ya kahawa.
Kompyuta aliiacha. "Imezeeka," alisema,
kwa sauti ile ile aliyosemea mambo mengine.

Usiku huu Liepāja ina upepo wa kung'oa mabati.
Niklāvs, miaka kumi na mmoja, mkate mweusi mkononi,
ananielekeza kama fundi anayelipwa kwa saa:
Mama, fungua Mipangilio. Si hapo. Chini. Chini tena.

Nikaiona orodha ya waliomo nyumbani mwangu.
Gundars: Msimamizi.
Mgeni: amezimwa.
Na mimi, niliyeilipia mashine hii
kwa hesabu za karakana ya vyungu, risiti moja moja,
mimi: Mtumiaji wa Kawaida.

Nilicheka hadi chai ikanipalia.
Kumbe ndiyo maana kila nilipotaka kuweka printa
ilinibidi nimngoje arudi kazini!
Kumbe kule kuomba ruhusa kuliandikwa mahali,
kwa herufi ndogo za kijivu.

Nywila aliituma kwa simu, bila salamu:
jina la mbwa wetu aliyekufa, na mwaka aliozaliwa.
Niliiandika polepole. Brencis. Maskini Brencis,
alikuwa akilala juu ya nyaya apate joto.
Kisha nikajipandisha cheo. Mibofyo mitatu.
Hakuna aliyepiga makofi,
ila Niklāvs aliusogeza mkate upande wangu.

Mashine ikauliza kama nina uhakika
wa kumwondoa Gundars na vyake vyote.
Ngoja, nikasema. Tukahamisha kwanza picha za ziwani:
Niklāvs hana meno ya mbele,
baba yake amemshika kiunoni asizame.
Hizo si za msimamizi. Ni za mtoto.
Ndipo nikabofya Ndiyo.

Likabaki jina la mashine yenyewe.
Niklāvs alitaka Joka. Mimi nikaanza kuandika
jina langu la kabla ya ndoa, lote;
ikakataa nafasi kati ya maneno.
Herufi kumi na tano, basi, na zisipumue.
Tukanyamaza. Ndani, feni ikagonga: ko-ko-ko.
"Dzenis," akasema mtoto.
Kwetu dzenis ni kigong'ota,
ndege abishaye hodi mtini kutwa asiingie.
Herufi sita. Ikakubali.

Alipokwenda kupiga mswaki nikafungua diski.
Akaunti yangu sasa inasema Ilga, kwa herufi nene.
Lakini chini kabisa, walikopangwa watumiaji,
folda yangu ingali inaitwa sieva.
Mke. Ndivyo alivyoandika siku ya kwanza,
ana haraka, boksi bado liko sakafuni,
nami jikoni nauliza kama inafanya kazi.
Jina la juu hubadilika.
La folda, ukiligusa ovyo, programu hupotea njia.

Humo mna ankara za miaka tisa,
mna barua nilizoandika, nikafuta, nikaandika tena
kwa benki, kwa mwalimu, kwake.
Nimeiacha. Vitu vimekwisha kuzoea kupita huko.

Iwashwe upya? Iwashwe.
Skrini ikawa nyeusi, nikajiona humo,
na nyuma yangu tramu ya mwisho ikipita tupu.
Kigong'ota akaamka, akagonga.
Ilga, weka nywila.
Nikaiweka. Si sahihi.
Nikaiweka tena, kidole kimoja kimoja. Si sahihi.
"Mama," akaita Niklāvs kutoka kitandani,
"umewasha herufi kubwa."